Arbuni ya Uwanja: Ada Itoke Daftarini, Isitoke Hasirani



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee huenda wakaliona dogo, lakini limekwisha kuwatia vijana wengi na wenye viwanja katika ugomvi. Nalo ni jambo la kukodi uwanja wa michezo, kisha kughairi. Katika miji yetu, tangu Mombasa na Nairobi hata Dar es Salaam, viko siku hizi viwanja vidogo vya nyasi za kutengenezwa ambavyo hukodishwa kwa saa, na viko vilabu vyenye viwanja vya mpira wa kikapu, kumbi za mpira wa vinyoya, na mabwawa ya kuogelea. Vijana huchanga fedha, mmoja wao hupiga simu, saa yao huandikwa, na sehemu ya fedha hutumwa kwa simu hiyo hiyo. Siku ikifika, mmoja ana homa, wa pili ana mtihani, wa tatu hakuamka usingizini, na mchezo umeharibika. Huomba fedha zao, na mwenye uwanja hukataa.

Hapo kijana hurudi nyumbani akisema, "Nimedhulumiwa." Na mwenye uwanja naye hukaa barazani kwake akisema, "Vijana wa leo wamenidhulumu." Mara nyingi kila mmoja wao ana nusu ya haki. Kilichowakosanisha ni sharti ambalo halikusemwa tangu mwanzo, au lilisemwa upande mmoja tu. Kwa hiyo yatupasa tulitazame jambo hili kwa utulivu, tupate kujua ni ada gani ya kughairi iliyo haki, na ni ipi iliyo dhulma.

Kwanza tujue kitu chenyewe kinachouzwa. Mwenye uwanja hauzi nyasi wala mabao. Yeye auza saa. Na saa ni bidhaa ngumu kuliko samaki asiye na barafu, kwani samaki akikosa mnunuzi leo aweza kukaushwa au kutiwa chumvi, lakini saa ya baina ya Alasiri na Magharibi ya Jumamosi ikipita tupu haikaushwi wala haiwekwi akiba. Imekwenda. Mtu aliyeiweka kisha asije, hakuacha tu kununua. Amewazuia na wengine wasinunue. Pengine kundi jingine lilipiga simu siku ile ile likaambiwa, "Saa hiyo ina wenyewe."

Hiyo ndiyo hoja ya mwenye uwanja, na ni hoja ya haki. Lakini hoja hiyo yenyewe ndiyo inayompa mpaka. Maadam analipwa kwa sababu ya hasara ya saa iliyopotea, basi isipopotea hana hasara, na ikipotea nusu, hasara yake ni nusu. Ada ya kughairi ikizidi hapo huwa si fidia tena, bali huwa biashara ya kuombea watu wasije.

Tuchukue mfano wa hesabu, wala bei hizi si za uwanja wowote tuujuao. Saa moja ni shilingi 2,400, na wachezaji ni 12, kila mmoja hutoa 200. Mwenye uwanja akipata habari mapema kwamba watu hawaji, hawashi taa wala hamwiti mtumishi wa saa ile. Tuseme huokoa 400. Basi saa ikikaa tupu, hasara yake ya kweli ni 2,000, si 2,400. Na ikiwa amepata wengine waliokodi saa ile ile kwa 2,400, hasara yake ni sifuri. Na ikiwa hao wengine amewapunguzia, wakalipa 1,500, hasara yake ni 900.

Sasa atajuaje ada ya kuweka kabla mambo hayajatokea? Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye klabu na aandike kwa miezi mitatu kila saa iliyoghairiwa: habari ilikuja lini, na je, saa ile ilipata mtu mwingine? Akifunga hesabu huenda akaona kwamba waliomwarifu siku mbili kabla au zaidi, saa zao karibu zote zilikodiwa tena. Hao hawana la kulipa. Na huenda akaona kwamba waliomwarifu zikiwa zimebaki chini ya siku mbili, katika saa 10 zilikodiwa 6 na zikabaki tupu 4. Hasara ya hizo 4 ni 8,000. Ukizigawa kwa watu wote 10 walioghairi, ni 800 kila mmoja. Basi 800, yaani thuluthi ya kodi, ndiyo ada inayotoka daftarini. Mwenye kuweka 2,400 yote kwa kila aghairiye, ada yake imetoka hasirani.

Tena msomaji na aangalie kwamba kuna njia mbili za kujilinda na hasara, na kila njia ina hukumu yake.

Njia ya kwanza ni arbuni. Neno hili twalitumia kila siku wala hatufikiri kwamba limetufikia kutoka katika vitabu vya muamala. Mnunuzi hutanguliza kiasi kidogo. Akitimiza, kiasi kile huhesabiwa katika bei, na akighairi, muuzaji hubaki nacho. Maulamaa walikhitalifiana juu yake. Jamhuri yao, na miongoni mwao Imamu Shafi ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, hawakuikubali, kwa kuwa waliona muuzaji anachukua mali pasipo badali. Imamu Ahmad bin Hanbal aliikubali, na tegemeo lake ni habari ya Nafi bin Abdul-Harith, aliyekuwa mtawala wa Makka zama za Sayyidna Umar, ambaye alinunua nyumba kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza, kwa sharti kwamba Umar asiporidhia, Safwan atapata 400. Katika mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana katika mji wa Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, likaamua kwamba arbuni yafaa iwapo muda wa kungoja umewekwa wazi, na kwamba kukodi kuna hukumu hiyo hiyo, kwa kuwa kukodi ni kununua manufaa. Muda uliowekwa wazi ndio roho ya ruhusa hiyo. Arbuni isiyo na siku wala saa yake ni mlango wa ugomvi.

Njia ya pili ni fidia, yaani kutaja tangu mwanzo kwamba mwenye kuvunja mapatano atalipa hasara. Juu ya hili Baraza lilelile, lilipokutana Riyadh mwaka 2000, liliruhusu sharti la namna hiyo katika mapatano yasiyokuwa ya deni, lakini likasema kwamba sharti halitumiki ikiwa aliyevunja amethibitisha kwamba alizuiwa na jambo lisilo katika uwezo wake, au kwamba mwenziwe hakupata hasara yoyote. Wala sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo asili yake ni sheria ya Uhindi ya mwaka 1872, yasema katika kifungu cha 74 kwamba hata kama mapatano yametaja kiasi cha kulipwa, mahakama humpa aliyevunjiwa fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kile kilichotajwa.

Basi mwenye klabu na achague njia moja. Akichagua arbuni, aridhike nayo: ni kiasi kidogo, kinajulikana, na mlipaji akikiacha hadaiwi zaidi. Akichagua fidia, afanye hesabu ya hasara kila mara, na saa ikipata mtu mwingine arudishe fedha. Lisilofaa ni kuzichanganya, akazuia arbuni kwa hoja kwamba ndiyo desturi, kisha akadai na fidia juu yake, na saa ile ile amekwisha kuikodisha kwa wengine. Huyo amekula mara tatu katika sahani moja. Kwa klabu ndogo ya mtaani twaona arbuni ni nyepesi zaidi, kwa sababu haihitaji mabishano. Na mwenye kurudisha arbuni baada ya kupata mkodi mwingine, ijapokuwa halazimiki, amefanya ihsani. Na imepokewa kwa Abu Daud na Ibn Majah fadhila kubwa ya mtu anayemkubalia Mwislamu mwenziwe aliyejuta akataka kuvunja mauziano.

Jambo jingine kubwa ni udhuru. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Ikiwa mvua ya masika imejaza maji uwanjani, au umeme umekatika na taa hazipo, kasoro iko katika kitu chenyewe kilichokodiwa. Mkodi hakupewa alichokinunua, na fedha zake zirudi zote, au apewe saa nyingine kwa ridhaa yake. Lakini ikiwa nahodha wa timu amefiwa au amelazwa hospitali, uwanja uko salama. Udhuru uko kwa mkodi. Katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa udhuru wa mkodi waweza kuvunja mapatano ya kukodi; kwa Imamu Shafi na wengi wengineo hauvunji. Kwa sababu hiyo ni bora sharti liseme wazi: msiba na maradhi yatahamisha saa, wala hayatachomea fedha. Hapana klabu iliyofilisika kwa kuwahurumia waliofiwa, lakini ziko nyingi zilizopoteza jina kwa kutowahurumia.

Tena katika nyumba zetu kuna udhuru wa namna ya pekee, nao ni mwezi. Vijana hupenda kuweka uwanja kwa mchezo wa Idi, na Idi haijulikani mpaka mwezi uandame. Wameweka Ijumaa, na mwezi haukuonekana. Ijumaa wamo katika kukamilisha thelathini. Je, wameghairi? Hawakughairi, bali siku ndiyo iliyosogea. Na mwenye uwanja aliyewakubalia alijua tangu mwanzo kwamba siku yaweza kusogea. Basi na iandikwe hivi: "Saa ya Idi ni saa ya siku ya Idi, iwe Ijumaa au Jumamosi," na saa hiyo ifungwe siku zote mbili mpaka jioni ya kutazamwa mwezi. Ikiwa mwenye uwanja aona kufunga siku mbili kuna gharama, aitaje mapema, watu wakubali au wakatae. Kadhalika katika Ramadhani, ambapo michezo huhamia baada ya Tarawehe, yafaa saa ihesabiwe tangu sala imalizike msikitini, isihesabiwe kwa saa ya ukutani peke yake.

Sasa tugeuke upande wa pili wa mizani. Sharti nyingi tulizoziona hueleza kwa urefu mkodi atalipa nini akighairi, lakini hazisemi hata neno moja juu ya klabu ikighairi. Na klabu hughairi. Kampuni kubwa yaja na fedha nyingi, yataka uwanja wote kwa siku nzima, na vijana waliokuwa wameweka saa yao hupigiwa simu mchana kuambiwa wasije. Wengine hurudishiwa fedha zao baada ya wiki mbili, na wengine huambiwa wachague siku nyingine. Katika Sura ya Al-Mutaffifin wametahadharishwa wale wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, nao hupunguza wanapopima kuwapa wengine. Ikiwa kijana akighairi siku ile hupoteza arbuni yake ya 800, basi klabu ikighairi siku ile na imrudishie fedha zake zote, tena siku ile ile, na juu yake impunguzie 800 katika saa yake nyingine. Hiyo ndiyo mizani. Na zaidi ya mizani, iko akili ya biashara: usiache mbachao kwa msala upitao. Kampuni ile haitarudi mpaka mwakani. Vijana wale wangekuja kila Jumanne.

Ni vivyo hivyo kwa saa za wanawake. Klabu ikitangaza saa ya wasichana, kwa sharti kwamba hapatakuwa na mwanamume ndani, kisha wakafika wakawakuta watumishi wanaume wakipita, sharti limevunjwa na klabu. Wasichana wale wakiondoka hawakughairi, na fedha zao ni haki yao kurudishiwa.

Kwa wale wenye klabu wanaotaka kuandika sharti zao, twawawekea hapa mfano. Yabandikwe mlangoni, tena yatumwe kwa simu kabla fedha hazijapokewa, wala si baada ya kupokewa:

1. Kodi ya saa moja ni shilingi 2,400. Arbuni ni 800, nayo itahesabiwa katika kodi.
2. Atakayetuarifu siku mbili kabla ya saa yake au mapema zaidi atarudishiwa arbuni yote.
3. Atakayetuarifu baada ya hapo, mpaka saa tatu kabla ya mchezo, ataacha arbuni, wala hatadaiwa zaidi.
4. Asiyetuarifu mpaka zikabaki chini ya saa tatu, au asiyekuja kabisa, atalipa kodi yote, kwa kuwa uwanja umefungwa kwa ajili yake, taa zimewashwa, na mtumishi amengoja.
5. Mvua ikiharibu uwanja au taa zikikosekana, fedha zote zitarudi.
6. Msiba na maradhi vitahamisha saa mara moja bila ya malipo.
7. Klabu ikighairi, itarudisha fedha zote siku hiyo hiyo, na ikiwa imeghairi zikiwa zimebaki chini ya siku mbili, itampunguzia mkodi 800 katika saa nyingine.

Maneno haya hayafiki nusu ukurasa. Kijana wa darasa la sita aweza kuyasoma akayafahamu, na hivyo ndivyo sharti linavyotakiwa liwe. Sharti la maandishi madogo lililofichwa nyuma ya risiti halikuwekwa lisomwe, limewekwa likamate.

Nanyi vijana wetu, msidhani kwamba maneno haya yote ni ya kuwapigania ninyi tu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya kwanza, waumini wameamrishwa kutimiza mapatano, na amri ile haikubagua mapatano ya mashamba na mapatano ya mpira. Ukiweka saa, umeweka neno lako. Ukiona mambo yamebadilika, piga simu saa ile ile ujuayo. Usingoje ukitumaini kwamba huenda wakapatikana, maana kila saa unayongoja waipunguza nafasi ya mwenye uwanja kupata mtu mwingine. Habari iliyokuja mapema yaweza kumfaa kuliko fedha zako. Na kunyamaza ndiko kunakomuumiza zaidi.

Kusanyeni fedha kabla ya kuweka saa, wala si uwanjani. Tena patanani ninyi kwa ninyi: mmoja wenu akijitoa siku ile, fungu lake la 200 limekwisha kutoka, na halirudi ila akileta mtu badala yake. Bila ya mapatano hayo, hasara yote humwangukia yule mmoja aliyeandikisha jina lake, na mara nyingi huyo ndiye mwema wenu na mwenye haya zaidi. Na mkishapoteza arbuni kwa sharti mliyoisoma mkaikubali, msiende mitaani kuliharibu jina la mtu. Muungwana ni vitendo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto asiyebaleghe mapatano yake hayashiki katika fiqhi yetu ya Kishafi; kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye aweke saa, na yeye ndiye ajibu kwa klabu. Lakini kijana aliyekwisha kubaleghe aachwe afunge mapatano yake mwenyewe na ayabebe mwenyewe. Baba ampigiaye simu mwenye uwanja na kumwambia, "Mrudishie mwanangu fedha zake, sisi ni jirani," humfundisha mwanawe kwamba ahadi ni deni kwa watu wasio na jamaa tu. Shilingi 200 ambazo kijana amezipoteza kwa uzembe wake ni karo ndogo kwa somo kubwa. Keshokutwa ataweka arbuni ya nyumba, ya gari, au ya ukumbi wa harusi yake, na huko makosa hayalipwi kwa shilingi 200.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu ambao wenzao husalimika na mikono yao na ndimi zao, sokoni na viwanjani.

Wabillahi taufiq.